Njuga na Charahani

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kucheza, nawaambia kwenye charahani. Wanacheka. Wanadhani natania, au nawaficha jina la mwalimu. Mie huwaacha wacheke, maana kuanza kueleza ni kazi, na mara nyingi sina hamu nayo. Leo ninayo.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona nguo. Nyumba yetu ilikuwa Ng'ambo, mjini Unguja, upande ule ambao baadaye yalijengwa majumba marefu ya Michenzani. Charahani yake ilikaa ukumbini, karibu na mlango wa mbele, ili apate mwanga na apate na habari za wapita njia, maana baba alipenda maneno. Mama alikuwa na kazi zake uwani. Wa kuniangalia mie alikuwa bibi, mama yake baba, na bibi alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yameshakufa kabla sijazaliwa.

Ndiyo sababu nikavishwa njuga, vile vikengele vidogo vya miguuni. Watoto wengi walivishwa siku hizo, wakavuliwa walipojua kutembea sawasawa. Mie nilikaa nazo mpaka nina miaka saba, kwa ajili ya bibi. Nikitoka barazani, bibi anajua. Nikiingia jikoni kudokoa, bibi anajua. "Weye! Toka kwenye sukari hiyo!" ataita kutoka chumbani, na mie hata kifuniko sijafunua.

Nilikuwa nazipoteza, lakini. Moja nilimpa mtoto wa jirani, akanipa kipande cha kashata. Baba akachoka. Akachukua ukanda wa ngozi, akazishona mwenyewe kwa uzi mnene wa viatu, akanifunga miguu yote miwili na kupiga fundo la kifundi, lile lisilofunguka mpaka likatwe kwa mkasi.

"Haya," akaniambia. "Sasa kauze na mguu."

Na mchezo wetu ulikuwa huu. Baba akikanyaga charahani polepole, mie nacheza polepole. Akifika kwenye pindo la kanzu, ambalo ni refu na limenyooka, miguu yake inakwenda mbio na mie nakwenda mbio, nazunguka ukumbini mpaka kichwa kinaniuma, njuga zinalia, bibi anapiga makofi kitandani kwake. Kisha ghafla baba ananyanyua miguu. Charahani inanyamaza. Hapo sharti nisimame vilevile nilivyo, hata kama mguu mmoja uko juu. Njuga ikilia baada ya charahani kunyamaza, nimeshindwa, na nitasimama hivyo mpaka yeye aanze tena kukanyaga. Alikuwa ananiacha makusudi. Atatunga uzi, atakohoa, atasalimiana na mtu barabarani, na mie nimesimama tu nimebana pumzi. Nilikuwa hodari. Sikushindwa mara nyingi.

Mwanzo wa mwaka wa sitini na nne Ramadhani ilikuwa mlangoni, na kazi za Sikukuu zilikuwa zimeshaanza kuingia. Chumbani kwetu kulikuwa na mafurushi ya vitambaa vya watu. Asubuhi ile sikuamshwa na charahani. Niliamshwa na mama, amenishika bega, na kwa mbali nje kulikuwa na milio ambayo niliidhania ya fataki. Hakuna aliyepika chai. Jirani yetu aliita dirishani, akasema maneno machache kwa baba kwa sauti ya chini, akaenda zake. Baba akafunga mlango wa mbele. Sikuwahi kuuona umefungwa mchana.

Kitanda cha bibi kilikuwa kirefu, cha kizamani, chini yake mtu mzima anaweza kukaa akijikunja. Baba akatuingiza uvunguni, bibi kwanza, mama, kisha mie kati yao. Halafu akaanza kusukuma mafurushi, akayapanga mbele yetu mpaka mwanga ukabaki mstari mmoja. Mama akanong'ona, "Njuga!" Baba alitazama miguu yangu kama hakuwahi kuiona. Mkasi ulikuwa ukumbini, juu ya charahani. Aligeuka kuufuata, na mlango ukapigwa teke.

Bibi akanishika miguu. Kiganja kimoja kila mguu, njuga zote ndani ya viganja, na akabana. Bibi alikuwa na mikono ya mtu aliyesokota kamba ujanani. Nilitaka kulia kwa maumivu, mama akanifunga mdomo.

Hapo charahani ikaanza.

Nilifurahi. Mpaka leo neno hilo linaniuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi. Baba anashona, basi hakuna kitu. Na alikuwa anakanyaga mbio, mbio za pindo, zile za kuzunguka. Miguu yangu ikataka kwenda. Nilivuta, bibi akazidi kubana.

Nikasikia sauti za wanaume ukumbini. Mmoja alimwambia, "Fundi, hata leo unashona?"

"Nina kanzu ya mtu," baba akajibu, bila ya kusimamisha mashine. "Namalizia pindo. Mwezi unakaribia kuandama."

"Ndani kuna nani?"

"Peke yangu. Watu wangu wako shamba."

Nilishangaa. Baba hajapata kusema uongo mbele yangu, na kama nisingefungwa mdomo ningemsahihisha. Mtu akaingia chumbani. Niliona viatu vyake kwenye ule mstari wa mwanga, vimejaa vumbi jekundu. Vilisimama. Charahani ikazidi kupiga, kwa nguvu, mpaka nikahisi sakafu inatetemeka. Viatu vikageuka, vikatoka. Mmoja wao akapaza sauti, "Basi, basi, acha hiyo! Simama, twende."

Charahani ikanyamaza.

Na mie nikasimama. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kitanda, lakini ndani yangu nilisimama, kama mchezo unavyotaka. Sikupumua. Njuga haikulia hata moja. Nilisikia nyayo zinatoka, nikasikia baba anasema, "Mlango nauacha wazi, hamna mtu wa kuufunga." Nikasubiri aanze tena.

Hatukumwona tena. Hakurudi, hakuletwa, wala hatukupata mtu wa kutuambia amelala wapi. Mama hakukaa eda, maana eda hukaliwa kwa aliyekufa, na nani aliyesema amekufa? Khitma ya kumwombea haikusomwa. Mama akawa mke wa mtu aliyetoka kidogo.

Njuga alizikata mama, mchana ule ule, kwa ule mkasi. Zilikuwa zimeingia kwenye ngozi, na makovu ninayo mpaka leo, juu kidogo ya vifundo, kila mguu. Bibi akaziomba, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia kwenye kibweta chake pamoja na tasbihi na hirizi zake. Tukaenda Jambiani kwa jamaa zake mama.

Huko kila asubuhi wanawake walikaa ufukweni wakiponda makumbi ya nazi kwa ajili ya kamba. Ta, ta, ta, wote pamoja. Mtoto mwingine angecheza. Mie wakianza naganda, na wakisimama ndiyo zaidi, nakaa pale pale na mdomo wazi mpaka mtu aje anivute mkono. Shangazi mmoja wa mama alisema nimepagawa, nitafutiwe mtu wa kunisomea. Nikasomewa. Nikanyweshwa makombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini. Maskini mama, alinitazama kila asubuhi kama anasubiri mkate uumuke.

Tuliporudi mjini nyumba ilikuwa palepale na charahani ilikuwa palepale, vumbi tele. Mama aliifuta, akaitandikia kanga, akasema, "Asiiguse mtu." Akaanza kushona kofia kwa mkono, barazani na wenzake, kofia baada ya kofia, na mashine nzima iko ndani imefunikwa. Watu walimshangaa. Alitaka baba akirudi aikute kama alivyoiacha, lakini hilo hakulisema, na mie sikumwuliza. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo miaka ile. Mtu hayupo, na hakuna anayeuliza hayupo kwa nini.

Mie niliisikia. Alasiri, nimejilaza mkekani, naisikia inakanyagwa chini ya kanga, polepole, anaanza ukosi. Nikiinua kichwa, hakuna. Nikenda Darajani kutumwa, nikapita penye mafundi, mmoja akanyanyua miguu yake, na mie njiani nasimama na kikapu changu, watu wananipita wananitukana. Skuli waliniita Sanamu. Usiku sikuwa naogopa kitu, mchana ndio ulionitisha. Na kila mara lilikuwa wazo lile lile: alikuwa ananiita nicheze, na sikutoka. Alipiga mbio vile, kwa nguvu vile, mwisho akauacha na mlango wazi nimfuate, na mie nimelala uvunguni kama furushi.

Kilichonitoa hapo ni filimbi. Nilipofika miaka kumi na miwili hivi, skuli ilitutoa kwenda kufanya mazoezi ya halaiki uwanjani, mamia ya watoto na vitambaa vya rangi, na mwalimu mgeni mwekundu kwa jua anapuliza filimbi. Filimbi haikuwa charahani. Mwili wangu ukaisikia ukasema, ah, hii siijui, hii haina deni na mie. Nikaruka. Nikanyoosha. Ikipulizwa kusimama nasimama, ikipulizwa kwenda nakwenda, jambo ambalo sikuliweza kwa miaka. Nilirudi nyumbani nimevimba miguu, na nilicheka njia nzima peke yangu kama mwendawazimu.

Kutoka kwenye halaiki wakanichagua kuingia kikundi cha ngoma, kile kilichokuwa kikicheza mbele ya wageni wa serikali. Hapo nyumbani pakawaka moto.

"Kwenye jukwaa?" mama akasema. "Mtoto wangu apande jukwaani kutikisa kiuno watu wamkodolee macho? Yarabi, nimekukosea nini?"

"Nguo ndefu, mama. Tunajifunga kanga mbili."

"Hata ungevaa godoro! Mwanamke wa kutazamwa, nani atamposa?"

Bibi alikuwa anamenya vitunguu thomu kwenye ungo, kwa vidole tu. "Mwache," akasema. "Mie sijapata kumtazama hata siku moja, na sijapungukiwa kitu. Hao wakimtazama watapungukiwa nini?"

"Bi Mkubwa, mambo haya si ya mzaha."

"Kwani nani anafanya mzaha? Toka turudi kutoka Jambiani nyumba hii ina watu watatu waliokaa. Mmoja kanyanyuka. Weye wataka akae tena?"

 Mama alichukua kofia yake akaenda kushonea uwani. Nami nikaingia kikundi, na sitaki kujisifu, lakini niliweza. Mwalimu wetu wa ngoma, mwanamume mwembamba aliyetoka bara, hasira zake ziko puani, alikuwa akinipanga mbele. Wenzangu walinung'unika. Wengine walicheza vizuri kunishinda, ila mie nilikuwa na kitu kimoja, kusimama. Ngoma ikikatwa, wenzangu mabega bado yanatikisika, mie nimeshakuwa jiwe. Mwalimu aliwaambia, "Mtazameni huyu!" Hakujua anachokisifu.

Nilikuwa nimeanza kusema nimepona. Kisha mwalimu akaja na kapu.

Alikuwa ameunganisha mchezo mpya, kipande cha bara, kipande cha kwetu, wa kufungia tamasha, na wageni wakubwa wanakuja. Wasichana tunaingia bila ya ngoma, kwa miguu mitupu, kwa sauti ya njuga peke yake. Kisha ngoma zinatupokea. Akatugawia. Zilikuwa kubwa, za shaba, kwenye mikanda ya ngozi. Mwenzangu mmoja aliinama kunifunga, na ngozi ilipogusa kovu nilihisi vidole vya bibi. Sisemi nilikumbuka. Nilivihisi, kumi, na kucha zake.

Miguu ikafa. Wenzangu wakaingia, kelele za njuga zikajaa ukumbi, na mie nimebaki pembeni. Mwalimu akapiga kofi. "Wewe! Umelala?" Nikataka kunyanyua mguu. Unajua unapotaka kupiga kelele ndotoni? Hivyo. Nikavuliwa njuga, nikaweza kutembea. Nikavishwa, nikaganda. Tulijaribu siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Wenzangu walianza kwa kucheka, mwisho wakawa hawanitazami.

Mwalimu akaniita kando. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu, sijui una nini na sikuulizi," akasema. "Lakini mchezo huu ndio utakaochagua nani abaki jukwaani na nani arudi halaiki. Kama hadi wiki ya tamasha huwezi kuvaa njuga, nitamweka mwingine, na sitakurudisha tena."

Nilitembea mpaka nyumbani nikitukana kila kitu nilichokiona, na paka. Kurudi halaiki ilikuwa maana yake nini? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa ni kurudi barazani, kofia mkononi, kukaa na mama, kuisikiliza charahani inakanyagwa chini ya kanga ile. Watu waliokaa wangekuwa watatu tena. Nilijua sitatoka mara ya pili.

Na siku zile zile ndipo tukaambiwa tuhame. Nyumba za upande wetu zilikuwa zinavunjwa kupisha majumba mapya, na sisi tulipewa fleti kwenye jumba lililokwisha kujengwa, ghorofa ya juu. Mama alihangaika, si kwa sababu ya nyumba. Alikuwa anaizunguka charahani. Vyombo vyote vilitolewa, vitanda vikafunguliwa, mkokoteni ukajaa na kurudi, na ile mashine bado iko ukumbini peke yake.

"Akija ataikuta wapi?" aliniambia, mara moja tu, kwa sauti ndogo kabisa. 

Hamali wa mkokoteni alikuwa mtu mzima, mkarimu, mwenye mdomo. Alipoifikia aliivua kanga kabla mama hajawahi kumzuia. "Loo, mashine ya chuma cha zamani hii!" Akaweka mguu kwenye kanyagio kuijaribu. "Bado nzima, wallahi!" Na akaikanyaga, mbio.

Mie nilikuwa mlangoni na sufuria la maji. Sikumbuki kuliangusha. Nakumbuka maji yamenilowesha miguu nami siwezi kuisogeza, na mama amesimama na mikono hewani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, tayari kwa safari, buibui amejitanda na kibweta chake magotini. Akainua uso.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Hivyo hivyo. Tupu."

Hamali akaondoa mguu. "Nini tupu, bibi?"

"Mashine. Haina kitambaa. Yenye kitambaa inakwenda kwa uzito, sindano ina kitu cha kupenya. Hiyo inalia kavu, chuma kwa chuma. Siku ile pia ilikuwa tupu."

"Bi Mkubwa, nyamaza, nakuomba," mama akasema.

"Nshanyamaza sana! Nyumba inavunjwa, utaniambia ninyamaze mpaka lini? Nikalinyamazie juu ya ghorofa?" Akanigeukia, kule ambako sufuria liliangukia. "Baba yako hakuwa anashona kanzu ya mtu siku ile. Angeshona nini? Vitambaa vyote alivijaza uvunguni mbele yetu. Hukuviona?"

Nilikuwa nimeviona. Nilivinusa. Pua yangu ilikuwa ndani ya melikani mpya ya watu. Miaka yote ile nilikuwa na kitambaa usoni, na sikuwahi kujiuliza.

"Alikuwa ananiita nicheze," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni, likatoka kwa sauti ya kitoto, nikaona haya.

"Akuite?" Bibi alitoa sauti ya hasira. "Akuite utoke kwa watu wale? Akili zako ziko wapi? Alikuwa anazifunika njuga zako! Hakuwahi kuzikata, basi akakaa akakanyaga chuma kitupu ili zikilia zisisikike. Kila ukitupa mguu mie nazibana, na yeye anazidisha. Tulikuwa tunakushika wawili."

 Hamali alikuwa ameshavua kofia yake.

"Nilimsikia alipoambiwa asimame," bibi akaendelea, sasa polepole. "Mwanangu yule, sina mwingine. Nilitaka kutoka nimng'ang'anie. Lakini mikono yangu ilikuwa na kazi."

Mama alikaa kwenye kizingiti, akalia. Sijapata kumwona analia kabla ya siku ile, hata Jambiani. Alilia kwa sauti, kilio kile cha msibani, na majirani waliokuwa wakifunga vyombo vyao wakaja mmoja mmoja, wakakaa naye chini bila ya kuuliza. Walijua. Mtaa mzima ulijua. Walikuwa wanangoja aanze yeye.

Khitma ilisomwa kwenye fleti, kabla hata ya mapazia kufungwa. Bibi alilalamika ngazi nzima, "Mnanipandisha mbinguni kabla sijafa?" na alipofika juu akadai arudishwe. Charahani iliwekwa karibu na dirisha. Alhamisi moja nilirudi kutoka mazoezini, njuga za kikundi kwenye mkoba, kesho yake ndiyo siku ya mwisho aliyonipa mwalimu, nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha baba. Kanga ilikuwa imekunjwa juu ya meza.

"Vaa," akaniambia.

"Mama..."

"Vaa, nimesema. Na lete lile vazi lako la kuchezea, pindo limefumuka. Sitaki kuisikia tupu."

Nilifunga njuga mwenyewe. Bibi akafungua kibweta, akatoa kitambaa chake. Zile ndogo. Alizipapasa, akanipa, nikazifunga kwa uzi kwenye mkanda wa mguu wa kulia, katikati ya zile kubwa. Mama akaweka pindo chini ya sindano. Hakuwa fundi, alianza vibaya, uzi ukakatika, akatunga tena huku akijigombeza. Kisha akakanyaga. Sauti ilikuwa nzito, ina kitu ndani. Nilikaa muda naisikiliza. Vidole vilikuwepo miguuni, sitakudanganya. Lakini sasa nilivijua ni vya nani na vilikuwa vinafanya kazi gani, na nikavivumilia, na mguu wa kushoto ukanyanyuka.

Pindo lile lilishonwa ovyo. Nililivaa hivyo hivyo.

Tamasha lilikuwa jioni, baada ya alasiri, kwenye ukumbi wa Mji Mkongwe ambao zamani watu kama sisi hatukuingia ila kwa kubeba sinia. Wageni walikaa mbele. Mama alikuja amejifunika mpaka pua, akakaa nyuma kabisa, na bibi ubavuni mwake. Tukaingia kwa njuga peke yake, kama mwalimu alivyotaka, kisha ngoma zikatupokea, na mie nilicheza. Nilicheza mbio za pindo. Niliona jasho langu linaruka. Nilicheza kila alasiri ile niliyokaa mkekani.

Mwisho wa mchezo ngoma zinakatwa kwa pamoja, na wasichana wote wanasimama vilevile walivyo, kimya, mpaka taa zizimwe. Hapo ndipo mwalimu aliponiweka mbele kwa ajili ya kusimama kwangu.

Ngoma zikakatwa. Tukasimama. Ukumbi mzima ukanyamaza, na kimya kile nilikijua, nilikuwa ndani yake tangu nina miaka saba, nikingoja mtu aliyenyanyua miguu yake aanze tena. Nikabana pumzi. Nilikuwa hodari bado. Ningeweza kusimama mpaka leo.

Nikanyanyua mguu wa kulia, nikaupiga chini.

Zikalia, kubwa na ndogo, peke yake, katikati ya ukumbi ule. Mwalimu pembeni akashika kichwa. Nimeshindwa, baba, nikamwambia moyoni. Nimeshindwa, niko hapa.

Na kutoka nyuma kabisa, juu ya vichwa vya wageni wa serikali, nikamsikia bibi anamwambia mama kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Huyo. Nshamsikia. Yuko pale."